Lifti ya gari kwenye gereji ya nyumbani Dar: uinue paa, uchimbe chini au uhamie uwanjani?

Shemeji yangu wa Mikocheni alinipigia simu Jumamosi moja akiwa juu ya ngazi, futikamba mkononi. "Shemeji, kutoka sakafuni hadi dari napata mita 2.8. Lifti niliyooneshwa ina nguzo za mita 3.6. Nianze kuvunja jipsamu?"

Nikamwambia ashuke kwanza. Gereji yangu ya Goba niliivunja dari kabla sijapima kitu kingine chochote, na kazi ile niliilipia mara mbili. Ninayoandika hapa ndiyo niliyomweleza yeye kwa muda wa wiki mbili, kila jioni kipande: njia zote za kupata nafasi ya lifti ya kuinulia gari nyumbani, moja kando ya nyingine, na wazi kabisa ipi ningeichukua na ipi nisingeigusa hata kwa kupewa bure.

Anza na gari

Wengi wanapima dari, wanalinganisha na nguzo za lifti, wanaamua. Hesabu yenyewe inaanzia kwenye gari na kwenye kimo chako wewe unayesimama chini yake. Mtu wa kimo cha kawaida anafanya kazi bila kuinama kama tumbo la gari liko mita 1.75 hadi 1.8 kutoka sakafuni. Hapo ndipo unaanza kupanda.

Chukua Toyota IST, ambayo ina kimo cha karibu mita 1.53. Lifti ya nguzo mbili inaishika chini ya ubavu wa bodi, mahali palipo sentimita 17 au 20 hivi juu ya ardhi. Mikono ya lifti ikifika mita 1.8, paa la IST liko karibu mita 3.15. Weka sentimita 15 za usalama juu yake, unahitaji mita 3.3 tupu, pasipo taa wala feni. Noah ina kama mita 1.85 na nayo inashikwa chini ya bodi, kwa hiyo inataka mita 3.6. Prado inakaribia mita 1.9, lakini inashikwa kwenye chesisi ambayo tayari iko juu, kama sentimita 40 kutoka ardhini. Matokeo yake Prado inaridhika na mita 3.45 au 3.5. Shemeji hakuamini kwamba Noah ya mkewe inataka dari ndefu kuliko Prado yake, mpaka alipochora kwenye karatasi.

Lifti ya nguzo nne ina mtego wake. Nguzo zake ni fupi, mita 2.1 hadi 2.3 hivi, na muuzaji atakwambia inaingia chini ya dari yoyote. Nguzo zitaingia, ndiyo. Lakini gari linasimama kwa tairi juu ya reli, kwa hiyo urefu wake wote unahesabiwa. Reli zikiwa mita 1.6, IST inafika 3.13 na Noah inafika 3.45. Hakuna ulichookoa juu. Ulichookoa ni sakafu, na hilo nitalirudia.

Kisha ongeza vile vitu ambavyo futikamba haikuoneshi. Boneti ikiwa wazi inapanda juu ya paa la gari. Mlango wa nyuma wa Noah ukifunguliwa hewani unaweza kuichana dari yote. Keria. Na geti: shata la kujikunja linakaa juu ya mlango wenyewe na halikusumbui, ila geti la vipande linaloteleza kwa reli chini ya dari litapita palepale gari linapotaka kuwa.

Sasa kuhusu nguzo. Lifti za nguzo mbili ziko aina mbili. Moja ina daraja juu linalounganisha nguzo, ndani yake zinapita nyaya za chuma na mpira wa oili. Hiyo inafika mita 3.6 au zaidi. Nyingine inapitisha vitu hivyo chini, kwenye bamba la sakafuni, na nguzo zake ni mita 2.8 au 2.9 tu. Ile ndefu ina faida moja kubwa: darajani kuna fimbo ya usalama inayozima mota paa la gari likiigusa. Ile fupi haina. Ukinunua fupi, macho yako ndiyo fimbo, na gari refu litagonga dari siku ambayo mtoto amekuita ukageuka.

Kukata kenchi: njia inayoonekana rahisi

Nyumba nyingi za Dar zilizoezekwa bati zina kenchi za mbao, yaani fremu za pembetatu zinazobeba paa, mbili kwa nne au mbili kwa sita, na chini ya kenchi kuna fremu ya dari. Ukisimama gerejini ukitazama juu, unafikiri nafasi iko nyingi pale juu ya jipsamu, imefichwa bure.

Ndivyo alivyonieleza fundi wangu wa kwanza. "Bosi, hizi mbao za chini ni za kushikia dari tu. Tukizitoa paa halina habari." Akakata mbili asubuhi, za katikati, akasema nyingine tutazimalizia kesho. Haikupita hata masika moja. Ufa ulianza kwenye kona ya lenta, ile boriti ya zege juu ya ukuta, mwembamba kama unywele, halafu ukashuka hadi kwenye shata. Nilipoita mhandisi, aliweka kamba kutoka kona hadi kona akanionesha ukuta umetoka nje kwa karibu sentimita mbili katikati.

Mbao ile ya chini haikuwekwa kwa ajili ya dari. Dari ndiyo imejishikiza kwenye mbao. Kazi ya mbao ni kufunga miguu ya kenchi isitanuke. Bati, papi zinazolishika na upepo vinasukuma mbao mbili za mteremko chini, nazo zinataka kuteleza nje kama mtu aliyesimama miguu imepanuka kwenye sakafu yenye mafuta. Mbao ya chini ni mkanda wa kiunoni. Ukiikata, kinachobaki kuzuia ni ukuta wa tofali za inchi 6, na ukuta huo haukujengwa kusukumwa kwa ubavu.

Ipo njia halali ya kuipandisha mbao hiyo badala ya kuitoa: unaifunga juu zaidi kwenye mteremko. Wahandisi wanakubali iwe ndani ya theluthi ya chini ya kimo cha paa, na mbao za mteremko ziongezwe unene. Fanya hesabu uone unachopata. Gereji ya upana wa mita 4, paa la nyuzi 25: kutoka usawa wa lenta hadi kilele ni sentimita 93. Theluthi yake ni sentimita 31. Kwa gereji ya mita 6 ni sentimita 47. Umevunja dari yote, umenunua mbao mpya za Mufindi, umelipa mhandisi, na mita 2.8 zako zimekuwa 3.1. IST haisimami hapo, Noah ndiyo kabisa.

Na hizo sentimita unazipata katikati tu. Nguzo za lifti zinasimama pembeni, maana upana wa lifti ya nguzo mbili ni mita 3.3 hadi 3.5. Pembeni ndiko paa linakoshuka. Kwa hiyo nguzo ndefu zitagonga mteremko hata kama gari katikati lina nafasi. Chini ya dari ya mteremko ni lifti fupi ya bamba la chini peke yake inayoingia, ile isiyo na fimbo ya usalama.

Kuna anayeuliza: kwa nini gari lisipande katikati ya kenchi mbili? Kenchi zimepangwa kila mita 1 au 1.2. Gari lina mita 4 na zaidi. Haliingii.

Boriti ya chuma kileleni

Hii ndiyo dada mkubwa wa njia iliyotangulia, na ni halali kabisa ikifanywa na mtu anayejua. Unaweka boriti ya chuma, ya umbo la herufi I, kwenye kilele cha paa kutoka ukuta wa pembetatu wa mbele hadi wa nyuma. Mbao za mteremko zinaning'inia juu yake badala ya kusukumana, kwa hiyo hazina haja ya kufungwa miguu. Mbao za chini zote zinaweza kuondoka. Unapata nafasi yote hadi kileleni: kwa gereji ya mita 4, karibu sentimita 80 katikati baada ya kutoa unene wa boriti. Kwenye 2.8 hiyo inakupa 3.6.

Masharti yake ni mazito. Boriti inaleta uzito wa nusu ya paa kwenye sehemu mbili tu, kwa hiyo chini yake kila mwisho panatakiwa nguzo ya zege yenye nondo, ishuke hadi kwenye kitako chake msingini. Mbele, mahali penye shata, nguzo haiwezi kusimama katikati ya mlango. Inabidi lenta ya mlango iwe boriti kubwa ya kubeba mzigo huo. Na kama paa lako ni la migongo minne, bila kuta za pembetatu, njia hii imekufa kabla haijaanza. Nyumba nyingi mpya za Goba, Mbezi na Madale zina mapaa ya aina hiyo, yenye kona nyingi na mabonde, na gereji iko ndani ya paa hilohilo.

Kupandisha ukuta

Mimi mwishowe nilifanya hii. Unaezua gereji, unaongeza kozi, unafunga lenta ya pili, unaezeka upya. Kila kozi ya tofali, ukijumlisha na udongo wake, ni karibu sentimita 25. Kozi nne ni mita moja. Ukuta wangu ulikuwa 2.75, kozi nne na lenta ya sentimita 20 zikanipeleka 3.95, na kenchi zikabaki na mbao zao za chini kama zilivyoumbwa.

Ukilinganisha na boriti ya kilele, unapata urefu ule katikati na pembeni, nguzo ndefu zenye fimbo ya usalama zinaingia, na mafundi wetu wanaijua kazi. Tofali, zege, kenchi: hakuna kitu kigeni. Hasara ni kwamba unabaki bila paa kwa muda. Ilinichukua wiki tano, na nilianza Juni makusudi, masika yakiwa yamekwisha. Asithubutu mtu kuezua Machi au Novemba.

Ukuta wa inchi 6 ukifika karibu mita 4 unakuwa mwembamba kwa kimo chake. Mhandisi wangu alidai nguzo za zege kwenye kona na moja katikati ya kila upande, zikifungwa na lenta zote mbili. Nilitaka kukwepa zile za katikati kupunguza gharama. Akasema atakwenda zake, na leo namshukuru kwa ukali ule.

Tatizo la kweli ni pale gereji inapokutana na nyumba. Sehemu moja ya paa ikiwa juu kuliko nyingine, kati yake panatokea ukuta na bonde, na bonde ndilo linalovuja. Bati la kukinga maji lazima liingie ndani ya ukuta, lipinde, lishuke juu ya bati la nyumba angalau sentimita 15, na mfereji uwe mpana. Gereji yangu imesimama peke yake uani ndiyo maana iliwezekana kirahisi. Ingekuwa imeungana na sebule, nisingefanya.

Kibali cha ujenzi kinahitajika. Kubadili kimo cha ukuta na umbo la paa si ukarabati wa rangi. Unakwenda halmashauri yako, iwe Kinondoni, Ubungo, Temeke, Kigamboni au Jiji kwa walio Ilala, ukiwa na michoro. Mhandisi awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Jirani akiona ukuta wa mita 4 unapanda mpakani kwake bila kibao cha kibali atapiga simu, na atakuwa na haki.

Kwenda chini

Fundi aliyekwenda kwa shemeji alitoa wazo la shimo: usiguse dari, chimba mita 1.5, jenga kwa tofali, weka ngazi, gari lipite juu. Ni njia ya zamani, gereji nyingi za mtaani zinaitumia, na kwa bei ya awali hakuna inayoishinda. Huhitaji mota wala umeme, na dari ya mita 2.8 inabaki salama.

Kwa Mikocheni nilikataa palepale. Maji ya chini yako karibu sana na uso wa ardhi, huko na Msasani pia. Uliza wachimba karo watakwambia wanaanza kukanyaga maji wakiwa bado wanaonekana vichwa. Shimo la gereji kwenye ardhi hiyo ni kisima. Ukilijenga kwa zege lisilopitisha maji, maji yanalisukuma kutoka chini, sakafu inapasuka kama si nene yenye nondo. Kwenye vilima vya Goba au Kimara ardhi ni kavu zaidi, ila hapo tatizo linakuwa maji ya mvua yanayoteremka kutoka barabarani.

Jambo linaloniogopesha kuliko maji ni hewa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kulala shimoni. Hauonekani. Taa ya waya iliyochubuka au cheche ya spana inatosha. Moshi wa ekzosi nao unajaa humo, na mtu aliye chini hajui mpaka kichwa kianze kuuma. Shimo linataka bomba la kutoa hewa kutoka sakafu yake kabisa, na njia mbili za kutokea. Nimeona mashimo mengi mjini, yenye bomba hilo ni machache. Na shimo halikuinulii tairi: kwa shokapu, breki na bushi bado utahitaji jeki.

Kuna wanaofikiria kushusha sakafu yote ya gereji sentimita 60. Hapana. Unachimba chini ya msingi wako mwenyewe, na unaalika mvua iingie.

Kujenga banda nje

Kama una uwanja, soma sehemu hii mara mbili.

Kinachotulazimisha kuweka lifti ndani ya chumba ni nini hasa? Ulaya wana theluji. Sisi tuna joto la Februari ambalo chini ya bati fupi hulivumilii hata nusu saa. Banda la chuma lenye nguzo nne au sita, bati mita 4.2 juu, pande zikiwa wazi au zimefungwa wavu, linakupa kimo unachotaka, hewa, mwanga, na nyumba yako haijaguswa. Zege la sakafu unalimwaga jipya kwa unene sahihi tangu mwanzo. Mafundi chuma wa Gerezani na kando ya Barabara ya Nyerere wanakata na kuchomelea fremu, wanakuja kuisimamisha kwa siku chache. Nikilinganisha na wiki tano zangu za kuishi na turubai, nasikitika kwamba hakuna aliyeniambia mapema.

Adui wa banda ni upepo. Bati lisilo na kuta linasukumwa kutoka chini, na upepo wa kusi unajua kuliinua. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia, pwani yetu ilikumbushwa kwamba vimbunga si vya Msumbiji pekee. Nguzo zifungwe kwenye vitako vya zege kwa boliti, si kuchimbiwa tu ardhini, na papi zifungwe kwa skrubu badala ya misumari. Adui wa pili ni chumvi ya bahari kwa walio karibu na ufukwe: nyaya za chuma za lifti na vile vikufuli vya usalama ndani ya nguzo vinapata kutu haraka. Vipakwe grisi kila mwezi. Wa tatu ni wizi. Mota na pampu ya oili ifungiwe kisanduku cha chuma. Na lifti yenyewe iwe ile ambayo mtengenezaji wake anaruhusu ifungwe mahali penye hewa ya nje, maana nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya ndani.

Kubadilisha lifti badala ya dari

Swali la mwisho ndilo lingetakiwa kuwa la kwanza: unafanya kazi gani? Shemeji akikaa na mimi akaorodhesha, alikuta ni oili, breki, tairi, shokapu, bushi, na kusafisha chini. Hakushusha gia boksi hata siku moja maishani mwake.

Kwa kazi hizo ipo lifti ya mkasi ya kimo cha kati. Inalala sakafuni, inapanda mita 1 hadi 1.2, na gari unalishughulikia ukiwa umekaa kwenye stuli ya magurudumu. Mkasi ukiishika IST chini ya bodi na kufika mita 1.2, paa la gari liko kama 2.55. Inatosha chini ya dari ya 2.8, na hakuna tofali lililovunjwa. Noah inafika 2.85, kwa hiyo usiipandishe mpaka mwisho. Udhaifu wake ni kwamba mkasi wenyewe unajaza katikati ya gari: gia boksi, shafti na sehemu kubwa ya ekzosi huifikii vizuri. Fundi wa kazi nzito atachoka nayo wiki ya kwanza. Mwenye magari mawili ya familia atakaa nayo miaka.

Aliye kwenye nyumba ya ghorofa, gereji ikiwa chini ya zege la chumba cha juu, njia yake ni hii tu. Zege la juu haliguswi.

Sakafu, umeme, gesi

Tumezungumza juu muda mrefu, ilhali lifti ya nguzo mbili inaanguka kwa sababu ya chini. Watengenezaji wengi wanataka zege lisilopungua sentimita 10, wengine 15, la nguvu ya karibu megapaskali 21, lililokomaa siku 28. Jamvi, yaani zege la sakafu, la gereji za kwetu mara nyingi ni sentimita 7 au 8, limemwagwa kwa macho juu ya kifusi, halina nondo, na juu pamewekwa vigae. Ukitoboa humo boliti za lifti unafunga uhai wako kwenye biskuti. Nilikata sakafu sehemu mbili za mita 1.2 kwa 1.2, nikachimba, nikamwaga zege jipya la sentimita 30 lenye nondo, nikalimwagia maji wiki nzima na kusubiri siku zote 28. Lifti ya nguzo nne inagawa uzito pembe nne na inasamehe sakafu zaidi. Ya mkasi pia. Hapo ndipo zinapookoa fedha.

Mota nyingi za lifti za nyumbani ni kilowati 2.2, na zipo za volti 230 za njia moja, kwa hiyo si lazima uombe TANESCO njia tatu. Ila weka waya wake peke yake kutoka kwenye saketi breka, maana mota inapoanza inavuta kwa nguvu. Umeme ukikatika gari likiwa juu, libaki juu. Linakaa kwenye vikufuli vya chuma, halikai kwenye oili. Kwa lifti nyingi huwezi kuvifungua vikufuli mpaka mota ilipandishe gari kidogo kwanza, kwa hiyo unasubiri umeme urudi. Ukiwa na safari asubuhi, usilale na gari juu.

Magari ya gesi yameongezeka mno Dar, na yanabadilisha hesabu kwa namna mbili. Mtungi wa chuma nyuma unahamisha uzito. Mikono ya lifti isiwekwe pale ulipozoea kabla ya kujaribu gari kwa sentimita 20 na kulitikisa. Halafu gesi asilia ni nyepesi kuliko hewa. Petroli inalala shimoni, gesi hii inapanda kileleni. Yule aliyefungua dari hadi kwenye kilele na kuifunga jipsamu mpya bila tundu amejenga mfuko wa gesi juu ya taa zake. Weka matundu ya hewa juu kabisa, pande mbili. Banda la nje halina shida hiyo.

Anayefanya gereji ya biashara, OSHA, wakala wa usalama kazini, watahitaji kukagua mahali na vifaa vya kunyanyulia, kwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Wa nyumbani hadaiwi hilo, lakini kibao cha maelezo cha lifti akisome kama anadaiwa: uzito unaoruhusiwa, mwaka, na kama imethibitishwa kwa kiwango cha Ulaya cha EN 1493. Lifti isiyo na kibao hicho sinunui.

Shemeji amefikia wapi

Paa lake ni la migongo minne na limeungana na nyumba, kwa hiyo boriti ya kilele na kupandisha ukuta vyote viwili vilianguka siku ya kwanza. Shimo liliondolewa na maji. Kukata kenchi sikumruhusu hata kulizungumzia, nikamleta Goba akaweka kidole kwenye ule ufa ambao nimeuacha kwenye kipande cha ukuta wa zamani.

Zilibaki mbili: mkasi ndani, au banda uwanjani na lifti ya nguzo mbili. Moyo wake ulikuwa kwenye banda. Wiki iliyopita tulipima uwanja kwa kamba na chokaa, mita 4.5 kwa 7, na ukatosha vizuri mpaka tulipoinua macho. Mwembe wa marehemu mama mkwe umetandaza tawi mita 3 juu ya ardhi, katikati kabisa ya mahali gari litakapopanda, na lina maua.

Ameagiza mkasi.